Nyigu Mmoja, Nguvu Tofauti: Cotesia sesamiae kutoka Pwani hadi Mlima Elgon

Mkulima wa Walukuba, Jinja, akipasua bua la mahindi lililotobolewa, huona kwanza ungaunga wa kinyesi, halafu kiwavi bungua mwenyewe. Pengine hukuta na kitu cha tatu: rundo la vifukofuko vyeupe, vidogo kuliko punje za mchele, vimegandana ndani ya tundu. Ni rahisi kuvidhania mayai ya mdudu mharibifu na kuvitupa motoni. Kumbe ndimo anamotoka nyigu mweusi wa milimita mbili tatu, Cotesia sesamiae, mwenyeji wa Afrika na adui mkubwa wa bungua.

Kazi yake si ya kupendeza kuitazama. Jike huingia kwa tundu alilolichimba kiwavi, humdunga na kumwachia makumi ya mayai. Mabuu hulelewa ndani ya kiwavi akiwa hai, kisha hutoboa ngozi, hutoka na kusuka vifukofuko. Kiwavi hafiki kuwa nondo.

Hata hivyo kiwavi naye ana ulinzi. Chembe za damu yake huyazingira mayai mageni na kuyafunika mpaka yafe. Ili kuzishinda, nyigu hudunga mayai pamoja na chembechembe za virusi ambavyo maelekezo yake yameandikwa katika jeni za nyigu mwenyewe, urithi unaotoka kwa wazazi kwenda kwa mtoto. Hapo ndipo tofauti ya mikoa inapojitokeza.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, walilinganisha nyigu wa Mombasa na wa Kitale. Kwa macho ni walewale. Walipopewa bungua wa nyanda za juu, Busseola fusca, wa Kitale walizaa vizuri, lakini mayai ya wale wa Mombasa yalizingirwa yakafa. Baadaye iligunduliwa kuwa jeni moja ya virusi hivyo, iitwayo CrV1, ina maumbo tofauti kwa makundi hayo mawili. Sababu haiko mbali: pwani Busseola ni adimu, kwa hiyo nyigu wa huko hakuwahi kulazimika kupambana naye.

Mambo hayaishii kwenye virusi. Baadhi ya makundi ya nyigu hao hubeba bakteria aitwaye Wolbachia. Dume mwenye bakteria huyo akipanda jike asiye naye, mayai yaliyorutubishwa hushindwa kutoa majike, na majike ndio wenye kazi. Kuchanganya nyigu wa mikoa miwili bila kuwapima, basi, kwaweza kupunguza jeshi badala ya kuliongeza.

Mwaka 2017 kundi mojawapo lilitengwa kabisa na kupewa jina lake, Cotesia typhae. Hili humshambulia bungua Sesamia nonagrioides kwenye magugumaji ya Typha. Utafiti wake umetumia nyigu wa Makindu na wale wa Kobodo iliyo karibu na Ziwa Victoria. Hata hao, ingawa ni spishi moja, hawakufanya kazi sawa walipojaribiwa kwa bungua wa Ufaransa.

Kwa Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, hizo si habari za mbali. Miji yote miwili iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, mahali pa bungua wa Asia, Chilo partellus, aliyeonekana Afrika kwa mara ya kwanza Malawi mwaka 1930. Dhidi yake aliletwa nyigu mwingine, Cotesia flavipes, kutoka Pakistan, akaachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993, na Uganda ikafuata kabla ya muongo kwisha. Lakini ukipanda kutoka Mbale kuelekea Elgon, Busseola ndiye anayetawala, na flavipes hamwezi. Upande wa pili wa mlima huohuo ndiko Kitale iliko. Nyigu hajui mpaka, ila mwinuko anaujua.

Ombi kwa mabwana shamba na mabibi shamba wa mashariki ni hili: msiruhusu vifukofuko vichomwe, na mnapovikusanya kwenye chupa msiandike "nyigu" tu. Andikeni kijiji, mwinuko, zao na aina ya kiwavi. Bila maelezo hayo, maabara haiwezi kujua ni nyigu gani wa kupelekwa Wanale, mlimani juu ya Mbale, na ni yupi abaki Walukuba.