MELI ZA PWANI YA NORWEI NA WATU WANAOZIPENDA

Sisi tukilitamka neno pantoni, hufikiri chombo kipana cha kuvusha watu na motokaa toka ng'ambo hii hata ng'ambo ile, safari ya dakika chache tu. Leo nataka kuwaelezeni habari za vyombo vinavyofanya kazi iyo hiyo ya kuvusha, lakini mvuko wake ni wa karibu siku sita, na njiani hugusa bandari 34. Vyombo hivyo ni meli za Norwei, nchi iliyo kaskazini kabisa ya Ulaya, na njia yake kwa lugha ya huko yaitwa Hurtigruten, maana yake Njia ya Haraka. Tarehe 2 Julai, 2018, njia hiyo ilitimiza miaka 125, na tarehe kama hiyo mwaka 2023 ikatimiza miaka 130. Huko wako watu wengi ambao siku kama hizo kwao ni sikukuu. Basi nataka tuulizane: yawaje watu wazima, wenye kazi zao na akili zao timamu, wafurahie umri wa meli za abiria na mizigo kama wanavyofurahia umri wa mzee wa ukoo?

Kwanza hatuna budi kuijua nchi yenyewe. Pwani ya Norwei ni milima inayoshuka baharini ghafula. Maji yameingia katikati ya milima hiyo kama vidole virefu vyembamba, na mbele ya pwani vimetapakaa visiwa na miamba isiyo na idadi. Kukata barabara mahali kama hapo ni kazi ya miaka mingi na fedha nyingi. Reli itokayo kusini ilifika mji wa Bodø mwaka 1962, na hata leo haijapita hapo, ingawa nchi yaendelea mbali sana kaskazini. Lakini Mungu aliwapa watu wa huko jambo moja jema: mkondo wa maji ya vuguvugu hupita kando ya pwani yao, hata bahari haigandi wakati wa baridi. Kwa hiyo tangu zamani barabara yao kuu ilikuwa ni bahari.

Barabara hiyo, hata hivyo, ilikuwa na ubaya wake. Katika mji wa Tromsø jua halionekani toka mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Kabla ya mwaka 1893, toka Trondheim kwenda kaskazini kulikuwa na minara ya taa 28 tu, na ramani za bahari zilikuwa chache. Kwa sababu hiyo meli za moshi hazikuthubutu kwenda usiku wakati wa baridi. Barua iliyotoka Trondheim kwenda Hammerfest ilichukua majuma matatu wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi iliweza kuchukua hata miezi mitano. Mvuvi aliyeuza samaki wake hakujua bei ya soko mpaka bei hiyo imekwisha kubadilika. Mzazi aliweza kufa, na mtoto wake aliye kusini asipate habari mpaka kaburi limeota majani.

Mwaka 1891 mshauri wa serikali katika mambo ya meli, jina lake August Kriegsman Gran, alitoa shauri kwamba ianzishwe safari ya haraka kila juma kati ya Trondheim na Hammerfest, kiangazi na baridi. Serikali iliyauliza makampuni mawili makubwa ya meli, nayo yakajibu kwamba jambo hilo haliwezekani. Usiku ni mrefu mno, yakasema, na miamba ni mingi mno.

Lakini katika mji mdogo wa Stokmarknes alikuwako nahodha mmoja aitwaye Richard With, mwenye kampuni ndogo aliyoianzisha mwaka 1881. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Yeye pamoja na rubani wake Anders Holthe walikuwa wamekwisha kuandika kwa muda mrefu, safari baada ya safari, mambo yote waliyoyaona njiani: dira ielekee wapi, meli iende mwendo gani, na dakika ngapi zapita toka rasi hii hata mwamba ule. Kwa njia hiyo, hata katika giza nene mtu mwenye dira, saa na daftari lile aliweza kujua mahali alipo. Makampuni makubwa yalilitazama giza yakaona hatari. With na Holthe walilitazama giza lile lile wakaona hesabu inayoweza kufanywa.

Mnamo tarehe 18 Mei, 1893, With alitia sahihi mapatano na serikali. Serikali iliahidi kumlipa fedha za msaada kwa miaka minne, naye akaahidi kwamba meli yake itakwenda kila juma, ikafike Hammerfest wakati wa kiangazi, na Tromsø wakati wa baridi. Siku ya Jumapili, tarehe 2 Julai, meli iitwayo Vesteraalen iling'oa nanga Trondheim asubuhi. Iligusa Bodø, Svolvær, Harstad, Tromsø na bandari nyingine, na tarehe 5 Julai ikafika Hammerfest. Safari ya barua iliyokuwa ya majuma ikawa safari ya siku. Tena baridi ilipokuja, meli haikukoma. Mwaka uliofuata makampuni yale mawili, yaliyosema kwamba haiwezekani, nayo pia yalipeleka meli zao katika njia hiyo.

Mwaka 1898 njia ikarefushwa kusini mpaka Bergen, na baadaye kaskazini mpaka Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi. Tangu mwaka 1936 meli zilianza kuondoka Bergen kila siku. Safari ya kwenda na kurudi huchukua siku 11, na kwa hiyo zahitajiwa meli 11 zinazofuatana ili kila bandari ipate meli moja iendayo kaskazini na moja iendayo kusini kila siku.

Yafaa tufahamu maana ya jambo hilo kwa mtu akaaye katika kijiji cha wavuvi. Meli ilimletea unga, dawa, magazeti na nyavu, ikachukua samaki wake. Ilimchukua mgonjwa kwenda hospitali na kijana kwenda shule, na mara nyingine ilirudisha jeneza. Watu walijua saa ya kufika kwake kama wanavyojua saa ya kula. Zilikuwako bandari ambazo kufika kwenyewe kulikuwa ni kazi ya kutisha. Katika kijiji cha Berlevåg, kinachotazama bahari kuu ya kaskazini bila ya kisiwa cha kukikinga, meli haikuweza kukaribia nchi kavu. Abiria na mizigo walishushwa katika mashua ndogo huku mawimbi yakipanda na kushuka. Hali hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1970, ukuta wa kuzuia mawimbi ulipokuwa umejengwa kwa mawe makubwa ya saruji yenye miguu minne. Wazee wa huko waliopanda mashua zile hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu aipende gati.

Sasa, Mabibi na Mabwana, habari ya meli isiyotaja maiti si habari kamili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, nchi ya Norwei ilipokuwa imetekwa na Wajerumani, meli hizi ziliendelea na kazi kwa sababu watu wa pwani hawakuwa na njia nyingine. Basi zikashambuliwa. Tarehe 27 Agosti, 1941, meli iliyoitwa Richard With, kwa heshima ya nahodha yule, ilipigwa na manowari ya Kiingereza iendayo chini ya bahari, na watu 99 wakafa. Mwezi wa Septemba, 1943, meli ya Sanct Svithun ilishambuliwa na ndege za upande uliokuwa ukipigania kuikomboa nchi hiyo. Mabaharia waliisukuma, ikiwaka moto, mpaka karibu na kisiwa kidogo cha Buholmen, na wakaaji wachache wa kisiwa hicho wakatoka na mashua zao katika bahari iliyochafuka wakaokoa watu wengi. Baada ya vita ilijengwa meli mpya ikapewa jina lile lile la Sanct Svithun. Usiku wa tarehe 21 Oktoba, 1962, katika bahari ya Folda, meli hiyo ilipotea njia ikagonga mwamba, na watu 41 wakapoteza maisha. Ilikuwa na vyombo ambavyo Holthe hakuwahi kuviota, lakini ilielekezwa upande usiokuwa wake. Na tarehe 15 Septemba, 2011, moto uliwaka katika chumba cha mashine cha meli ya Nordlys karibu na mji wa Ålesund, na mabaharia wawili wakafa.

Hapa ndipo wanapoingia wale wapenzi wa meli niliowataja mwanzo. Mtu asiyewajua huwacheka. Huwaona wamesimama gatini penye baridi na kamera zao na madaftari, wakiandika saa ya kufika na saa ya kuondoka. Wanajua meli ilijengwa wapi na mwaka gani, ilibadilishwa mashine lini, na honi yake inalia sauti gani. Meli mbili zikipishana njiani husalimiana kwa honi, na mpenzi wa meli hukimbia nje asikie. Lakini kazi yao si ya mchezo. Meli ya Finnmarken, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1956 na kufanya kazi mpaka mwaka 1993, ingalikwisha kukatwa vipande kama chuma kikuukuu kama wasingalikuwako watu wa kuililia. Mwaka 1999 ilipandishwa nchi kavu huko Stokmarknes, mji wa Richard With, na mwaka 2021 jumba kubwa la kioo likafunguliwa kuifunika isiharibiwe na mvua na theluji. Leo mtoto aweza kuingia ndani yake akaona vyumba walimolala babu zake.

Hata hivyo ilikuwa ni mwaka 2011 taifa zima lilipotambua kwamba wapenzi hao si watu wachache. Mwezi wa Juni mwaka huo shirika la utangazaji la taifa lilifunga kamera katika meli ya Nordnorge, likaionyesha safari yote toka Bergen mpaka Kirkenes katika televisheni, bila ya kukatiza, muda wa saa 134. Hapakuwa na mashindano wala hadithi, bali omo ya meli, maji, milima na gati. Watu zaidi ya milioni 2, katika nchi yenye watu wapatao milioni 5, walitazama. Na kila meli ilipopita, watu walitoka majumbani wakasimama ufuoni na bendera, wengine wakaifuata kwa mashua zao, hata saa za usiku, kwa maana kiangazi huko jua halitui. Walikuwa wakiipungia mikono meli ambayo hupita hapo kila siku.

Nadhani jibu la swali letu limo humo. Watu wale hawakupungia chuma, kwa maana chuma hubadilishwa, na meli ya Vesteraalen ya mwaka 1893 haipo tena. Walipungia ahadi. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni, na deni hili limelipwa siku kwa siku na watu walioamka usiku wa baridi kufunga kamba gatini.

Lakini ahadi yahitaji walinzi. Siku hizi ndege na barabara zimewachukua abiria wengi wa zamani, na vyumba vya meli hujazwa na wageni watokao nchi za mbali kutazama milima. Wageni huleta fedha, nao ni wa kukaribishwa. Ila wakaaji wa bandari ndogo za kaskazini huuliza swali la haki: je, meli hii ni ya nani? Mgeni akiwa ndiye mwenye kulipa zaidi, itafika siku ambapo bandari isiyo na mandhari ya kupendeza itarukwa? Ndiyo sababu serikali ya Norwei ingali inalipa fedha za msaada kwa mapatano, kama ilivyofanya wakati wa With, ili bandari zote 34 ziguswe, na mwenye mfuko wa unga apate nafasi yake. Tangu mwaka 2021 kazi hiyo imegawanywa kati ya makampuni mawili, moja lenye meli saba na jingine lenye meli nne.

Katika mabishano hayo mpenzi wa meli mwenye daftari ni shahidi mwenye thamani kubwa. Yeye ndiye ajuaye ni mara ngapi meli ilichelewa, ni bandari gani ilirukwa kwa sababu ya dhoruba, na ipi ilirukwa kwa sababu nyingine. Kazi iliyoanzishwa na daftari la nahodha na rubani wake yaendelea kulindwa na madaftari ya watu wasiolipwa hata senti moja. Basi tukimwona mtu amesimama gatini akiandika saa ya chombo kufika, tusimcheke. Huenda yeye ndiye anayeukumbuka mkataba ambao sisi wengine tumeusahau.