Kabla ya Kuchangia Ripita

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mnaosoma sasa,

Kamati imenitaka nieleze jambo moja kabla daftari la michango halijapitishwa, nalo ni hiyo ripita ya simu inayotakiwa kufungwa juu ya paa la bwalo. Mimi ni mtumishi wa serikali, sina mtambo wa kumwuzia mtu.

Ripita haizalishi mawasiliano. Antena moja huelekezwa kwenye mnara wa mbali na kupokea mawimbi yaliyodhoofika. Mtambo huyakuza, na antena ya pili huyatawanya huku bondeni. Taabu ni kwamba antena ya pili hutoa masafa yale yale ambayo ya kwanza inayasikiliza. Mnaujua ule mlio wa ukumbini, maikrofoni inaposogezwa karibu na spika? Basi ndio huo, ila huu hausikiki kwa masikio. Unaousikia ni mnara.

Vijana wa fizikia, andikeni. Kukuza kwa desibeli 90 ni kuzidisha nguvu mara 1,000,000,000. Ikiwa mawimbi hupungua kwa desibeli 80 tu kutoka antena ya pili hadi ya kwanza, mwangwi utarudi na nguvu mara kumi ya mawimbi yaliyopokelewa, na kuzunguka tena. Mafundi hutaka upungufu huo uzidi ukuzaji kwa desibeli 15 hivi. Umbali na ukuta wa zege husaidia, lakini bwalo letu mnalijua lilivyo fupi.

Ripita bora za siku hizi hufuta mwangwi. Mtambo unajua ulichotuma; hivyo hukadiria kitarudi kwa nguvu gani na kwa kuchelewa kiasi gani, kisha huondoa kadirio hilo katika kinachopokelewa. Hurekebisha kadirio bila kukoma, maana lori likipita au mwembe ukilowa mvua, mwangwi hubadilika. Njia mashuhuri ya kujirekebisha hivyo ilitolewa na Widrow na Hoff wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1960, kabla ya simu za mkononi.

Kuna na chujio. Katika masafa ya 900, simu hutuma kati ya megahezi 880 na 915, mnara kati ya 925 na 960. Chujio hutenga njia hizo, na kali zaidi hupitisha sehemu ya kampuni moja tu. Ripita ya bei rahisi hukuza kila kitu, pamoja na makelele yake yenyewe, na kuyarusha mnarani. Sisi tutazungumza vizuri bwaloni, huku mkunga wa kijiji cha jirani akiita gari la wagonjwa na mnara haumsikii.

Kwa hiyo nashauri fedha zisitolewe bado. Kwanza tuiandikie kampuni yenye mnara, kwa kuwa masafa hayo imepewa kwa leseni, na kufunga mtambo bila idhini ni kosa. Na atakayekuja kuufunga atuonyeshe kwa maandishi upungufu alioupima juu ya paa hili hili, si ule wa kitabuni. Rasimu ya barua ninayo. Nitamkabidhi Ndugu Katibu baada ya chakula.