Jimbo la Gujarat kwa Jicho la Mtu wa Pwani: Mada kwa Semina ya Waongoza Watalii



Nimetakiwa nizungumze juu ya jimbo moja la Bara Hindi, vivutio vyake, maumbile yake na mila za watu wake, na katika majimbo yote ya nchi ile pana nimelichagua Gujarat. Si kwa kuwa ndilo zuri kupita mengine, maana mwenye kutafuta uzuri mtupu huenda angelikwenda Kerala kwenye minazi au kaskazini kwenye theluji ya Himalaya, bali kwa kuwa ndilo jimbo ambalo mtu wa pwani yetu, awe wa Unguja, wa Mombasa au wa Kilwa, ameishi nalo karne nyingi pasipo kulitaja: amelivaa katika kaniki, amelifungua na kulifunga katika milango ya nakshi, na kuna zama alizolilipa ushuru forodhani.

Gujarat liko magharibi ya India, likipakana na Pakistan, nalo lilipata kuwa jimbo la peke yake tarehe 1 Mei, 1960, lilipotengwa na lililokuwa Jimbo la Bombay. Hakuna jimbo lingine la India lenye pwani ndefu kama yake, na pamoja na wingi huo wa bahari, maji ya kunywa yamekuwa adimu tangu dahari, hususan katika nchi ya Kutch, ambayo wazee wetu waliiita Kachi, kwani mvua huja baina ya Juni na Septemba, na baadhi ya miaka haiji kabisa. Rai yangu, ambayo nitaishikilia mpaka mwisho wa mada hii, ni kuwa mgeni akiyafuata maji, yaani mahali yalipokusanywa, mahali yalipokauka, na mahali yalipowachukua watu wakaenda mbali, ataielewa Gujarat kuliko yule anayekimbizwa kwa basi kutoka kivutio hadi kivutio.

Nianze na visima. Sisi tumezoea kisima cha kutumbukiza ndoo kwa kamba. Wao, kwa kuwa maji ya ardhini hupanda na kushuka mno baina ya mvua na kiangazi, walichimba visima vya ngazi, ambavyo mtu huviteremkia ghorofa baada ya ghorofa mpaka akayakuta maji popote yalipofikia msimu huo. Adhimu kupita vyote ni Rani ki Vav, kisima cha malkia, katika mji wa Patan uliokuwa makao ya wafalme wa Chaulukya. Ni kazi ya karne ya 11, na riwaya mashuhuri yasema kuwa aliyeamuru kijengwe ni Malkia Udayamati, kwa ukumbusho wa mumewe, Mfalme Bhima wa Kwanza. Urefu wake ni kiasi cha mita 64, upana mita 20 na kina mita 27; kina daraja saba, na kutani mwake mmechongwa sanamu kubwa zaidi ya 500, nyingi zikiwa za mungu Vishnu katika sura mbalimbali ambazo Wahindu husema huzivaa anaposhuka duniani. Mto Saraswati ulikuja ukafurika, ukakijaza kisima tope, kikafukiwa kwa karne nyingi. Na ajabu ya Mola ni kuwa tope lile lililokiua ndilo lililozisitiri nakshi zake na mikono ya watu na makali ya jua, hata wataalamu wa mambo ya kale walipokifukua katika karne ya 20 wakazikuta sanamu katika hali njema. UNESCO ilikitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, na tangu 2018 picha yake imo nyuma ya noti ya rupia 100.

Kisima cha pili, ambacho si kikubwa hivyo lakini kina hekaya, kiko Adalaj, karibu na Ahmedabad, nacho ni cha mwisho wa karne ya 15. Husimuliwa kuwa chifu aliyekianza aliuawa vitani na Sultani Mahmud Begada, na sultani akampenda mjane wa chifu. Mjane akamwekea sharti amalizie kwanza kisima cha marehemu. Sultani akakimaliza, na ndiyo maana nakshi za Kiislamu na za Kihindu zimekaa pamoja katika ukuta mmoja. Bibi yule, kisima kilipokamilika, alikizunguka akiomba dua, kisha akajitupa ndani. Mwongozaji mwenye busara huisimulia hekaya hii kama hekaya, asiipake rangi ya tarikhi iliyothibiti, maana ukuta wenyewe unatosha kusema.

Lakini elimu ya kuhifadhi maji katika nchi ile ni kongwe kuliko wafalme wa Patan na masultani kwa maelfu ya miaka. Katika kisiwa cha Khadir, kilichozungukwa na jangwa la chumvi, kuna magofu ya Dholavira, mji wa watu wa Bonde la Indus, uliostawi yapata miaka 4,500 iliyopita. Wenyeji wake walikuwa na vijito viwili tu, Mansar na Manhar, navyo havina maji ila wakati wa mvua. Basi wakavizuia kwa mabwawa madogo, wakayaelekeza maji katika mabirika makubwa, mengine yamechongwa katika mwamba mtupu, yakiuzunguka mji. Mtu akisimama leo ukingoni mwa birika mojawapo, ambalo ngazi zake zingali zikishuka mpaka chini, haulizi tena kwa nini mji ulijengwa pakavu namna ile. UNESCO iliitambua Dholavira mwaka 2021, nami naiweka juu ya kila kitu katika jimbo hilo, ingawa njia yake ni ndefu na kivuli ni haba.

Jangwa lenyewe lililoizunguka Dholavira huitwa Rann. Mvua zinaponyesha, maji ya bahari na ya mito hulifunika likawa kama ziwa lisilo kina, na heroe huja kwa makundi makubwa wakazaliana humo. Kisha baada ya Oktoba maji hukauka kidogo kidogo, yakaacha uwanda mweupe wa chumvi usioonyesha mwisho. Serikali ya jimbo imeanzisha huko tamasha la kila mwaka katika miezi ya baridi, lenye mahema ya fahari, muziki na maduka, na wageni humiminika, hasa usiku wa mwezi mpevu. Sina neno juu ya mahema, ila nastaajabu kwamba wengi huitazama chumvi ile kwa masaa wasiulize nani anaivuna. Katika Rann Ndogo, upande wa mashariki, wavuna chumvi waitwao Waagariya huhamia na watoto wao baada ya mvua, wakavuta maji ya chumvi kutoka chini ya ardhi, wakayaanika katika majaluba mpaka yakaganda. Na takriban robo tatu ya chumvi yote ya India hutoka Gujarat. Humo humo huishi punda-mwitu wa Kihindi, mnyama wa rangi ya mchanga na mwepesi wa mbio, ambaye porini hapatikani kwa wingi pengine popote.

Maji yameingia hata katika nguo. Kitambaa cha ajrakh, kinachopigwa chapa pande zote mbili kwa vibao vya mti, kwa nili na wekundu wa mizizi, huoshwa mara nyingi kabla ya kuisha, na maji yakibadilika rangi nazo hubadilika. Kijiji cha Dhamadka kilikuwa maarufu kwa kazi hiyo. Likaja tetemeko la tarehe 26 Januari, 2001, lililoubomoa mji wa Bhuj na kuua maelfu ya watu, na baada yake maji ya Dhamadka hayakufaa tena kwa rangi. Mafundi wengi wa ukoo wa Khatri wakahama, wakajenga kijiji kipya karibu na Bhuj, wakakiita Ajrakhpur. Patola za Patan, ambazo kila uzi wa hariri hutiwa rangi mahali pake kabla ya kufumwa, na bandhani, zenye vidoto vya kufungwa kwa uzi kimoja kimoja, nazitaja tu, kwa kuwa bibi zetu wanazijua kuliko mimi.

Mtanzania akiambiwa asafiri hadi Bara Hindi kutazama simba atacheka, na ana haki ya kucheka. Lakini simba wa msitu wa Gir ni mabaki ya simba waliokuwa wakienea Uajemi, Iraki na kwingineko Asia, wakauawa wote isipokuwa hawa, waliopona kwa sababu Nawabu, yaani mtawala, wa Junagadh aliwakataza watu kuwawinda pale walipokuwa wamebaki wachache mno. Simba huyu ana manyoya machache shingoni kuliko wetu, masikio yake huonekana wazi, na chini ya tumbo ana mkunjo wa ngozi. Hesabu ya mwaka 2015 ilipata simba 523, ya 2020 ikapata 674, na ya 2025 ikapata 891. Katika kiangazi hujaziwa maji katika mabirika msituni. Wamekuwa wengi kuliko msitu, hata huonekana mashambani na ufukweni mwa bahari, nao wafugaji wa nyati, Wamaldhari, wamezoea kuishi nao. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliamuru baadhi wapelekwe Kuno, katika Madhya Pradesh, ili maradhi yasije yakawamaliza wote mahali pamoja; simba hawakupelekwa, na mwaka 2022 Kuno ikapokea duma kutoka Namibia. Ni dosari, kwa maoni yangu, na fahari ya jimbo isiwe sababu ya kuinyamazia.

Kando ya msitu huo, katika kijiji cha Jambur, na kwingineko katika jimbo, wako Wasidi, ambao asili yao ni Afrika ya Mashariki na Uhabeshi. Baadhi ya babu zao walichukuliwa kwa utumwa, wengine walikwenda kuwa askari na mabaharia. Wao wenyewe leo ni Waislamu wanaosema Kigujarati. Wana ngoma iitwayo goma, nami sina haja ya kulieleza neno hilo mbele ya hadhira hii. Wana upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, malunga, na ngoma ndefu zenye miguu. Katika mahoteli ya Gir huchezeshwa jioni kwa watalii, wakivunja nazi kwa vichwa, na hilo si baya kwa kuwa huwapa riziki. Ila mwenye kutaka kuijua goma na aende Ratanpur, karibu na Bharuch, kwenye kaburi la Bava Gor, walii wao kutoka Uhabeshi, ambaye husemwa kuwa ndiye aliyeistawisha biashara ya akiki, kwani vilima vile vina machimbo ya jiwe hilo. Akiki ya Ratanpur ilisuguliwa na kutobolewa Khambhat, na shanga zake zimefukuliwa katika magofu ya Kilwa. Ni nadra kuona mahali ambapo biashara, dini na ukoo vimekutana juu ya kijiwe kidogo namna hiyo.

Mhabeshi mwingine, Sidi Saiyyed, aliacha jina lake Ahmedabad, mji ulioasisiwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411. Msikiti wake, wa mwaka 1573, una madirisha ya mawe yaliyotobolewa kwa nakshi, na katika mojawapo mti na matawi yake yamechongwa kwa wepesi ambao mtu huudhania kuwa ni wa kufuma na sindano. Mji huohuo ndio wa Gandhi na makazi yake kando ya mto Sabarmati, alikotoka kwa miguu tarehe 12 Machi, 1930, kwenda Dandi kuokota chumvi kwa kuupinga ushuru wa Waingereza. Na hapo mgeni aliyeiona Rann ataelewa kwa nini ushuru wa chumvi uliwauma watu kuliko ushuru mwingine. Sanamu ya Sardar Patel, mmoja wa viongozi wa uhuru wa India, yenye mita 182, nimeibakiza mwisho wa vivutio. Ni ndefu, basi.

Nimalizie na Mandvi, bandari ya Kachi, ambako majahazi ya mbao yangali yakijengwa ukingoni mwa mto Rukmavati. Kutoka huko kaskazi iliwaleta kwetu manahodha na wafanyabiashara. Nyumba ya Jairam Shivji, Bhatia wa Kachi, ilikodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi ya karne ya 19, na Tharia Topan, Khoja wa Kachi, ndiye aliyeanzisha ujenzi wa jumba la dispensari ya zamani linalotazama bahari Mji Mkongwe. Meno ya tembo wetu yalikwenda huko yakawa bangili za maharusi, na katika biashara hiyo yako mengi ya kuona haya, ambayo mwongozaji asiyafiche.

Kwa wanaokusudia kusafiri, miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo bora. Gir hufungwa tangu 16 Juni hadi 15 Oktoba. Siku tisa za Navaratri, wanawake wanapocheza garba kuizunguka taa, hustahili kungojwa. Na ulevi umepigwa marufuku katika jimbo zima isipokuwa kwa kibali.

Ndugu Mwenyekiti, naiomba semina hii ipendekeze kuwa tarikhi ya Kachi na Gujarat iingizwe katika mafunzo ya waongoza watalii wa Unguja, Mombasa na Kilwa, na kwamba kazi hiyo ianze na milango, shanga na majumba tuliyo nayo, kwa kuwa hayo hayahitaji nauli.