Vyuma vya Habu: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Mombasa)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya baiskeli. Labda wako watakaocheka na kusema kwamba chama ni cha mishahara na saa za kazi, si cha baiskeli. Lakini twawauliza: mfanya kazi akaaye Changamwe, na zamu yake yaanza saa kumi na moja alfajiri, afika vipi kisiwani? Nauli ya kwenda na kurudi, siku baada ya siku, ni fungu kubwa la mshahara. Baiskeli ndiyo miguu yake. Ikilala, naye amechelewa, na akichelewa anakatwa. Mwezi wa Januari mwaka 1947 wafanya kazi wa bandari na wa reli hapa Mombasa waligoma pamoja, kwa sababu mshahara haukutosha maisha ya mji huu. Ikiwa mshahara ni jambo la chama, basi na kila kitu kinachoula mshahara ni jambo la chama.

Leo twasema juu ya habu peke yake, yaani kile kitovu cha gurudumu ambamo spoki zote zimeshikwa. Tairi likipasuka kila mtu huona. Habu hufa kimya kimya.

Ndani ya habu mna ekseli katikati. Kila upande wa ekseli mna koni moja, na koni hiyo hukaa mbele ya kikombe kilichogongwa ndani ya habu. Baina ya koni na kikombe mnazunguka gololi ndani ya grisi. Uzito wako wote, na wa mzigo ulioufunga nyuma, wabebwa na vigololi hivyo. Sisi wa reli twalijua jambo hili vizuri. Katika mabehewa ya zamani, sanduku la mafuta la ekseli likikauka hupata moto, na behewa zima hutolewa njiani. Baiskeli haitoi moshi, lakini ugonjwa ni ule ule.

Hapa kisiwani habu hufa upesi kuliko bara. Hewa yetu ni ya chumvi. Mvua ya masika, hasa mwezi wa Mei, hujaza maji barabarani, na maji huingiza mchanga. Grisi ikiisha kutoka, chumvi hufanya kutu, na kutu hufanya vishimo juu ya koni. Dalili ni mbili. Inua gurudumu, ulishike juu, ulitikise huku na huku: likicheza, koni imelegea au imelika. Kisha lizungushe polepole, huku umeshika fremu kwa mkono: ukisikia mkwaruzo kama wa changarawe, vishimo vimekwisha kuanza. Mtu akiona hivyo asingoje mwisho wa mwezi. Koni iliyolika hula gololi, gololi zilizovunjika hula kikombe, na kikombe kikiisha ndipo unaambiwa ununue gurudumu zima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa tutawapa kisa cha mwenzetu mmoja wa kikundi cha njia. Koni yake ya nyuma ilikuwa imelika. Akaenda dukani mikono mitupu, akasema kwa mdomo, "Nipe koni ya nyuma." Akapewa. Akaitia kwenye ekseli, ikaingia upesi bila kazi, naye akafurahi akisema imempata. Siku ya nne alikuwa akirudi nyumbani jioni, karibu na Makupa, na nyuma yake lori la makontena. Gurudumu likalala upande, mnyororo ukatoka, naye akaanguka kando ya barabara. Dereva wa lori alikuwa mtu mwangalifu, akashika breki. Mwenzetu aliumia kiwiko, akapoteza mshahara wa siku mbili. Twamshukuru Mungu kwamba hatukupoteza zaidi.

Tulipoifungua habu ile tuliona sababu. Ekseli ya nyuma ya baiskeli yake ni ya kipimo cha Kiingereza, 3/8 ya inchi, yaani karibu milimita 9.5. Koni aliyouziwa ilikuwa ya ekseli ya milimita 10. Tofauti ni nusu milimita, unene wa ukucha. Thredi, yale meno ya kuzungukia, yalikuwa yakishikana kwa ncha tu, na yote yamelala. Ndugu, kumbukeni neno hili: koni inayokataa kuingia haina hatari, maana utairudisha dukani. Koni inayoingia kwa ulegevu ndiyo mwuaji.

Katika reli hakuna awezaye kudanganyika hivyo. Reli ya zamani ina nafasi ya milimita 1000 baina ya chuma na chuma. Ile mpya iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017 ina milimita 1435. Mtoto mdogo aona kwamba magurudumu ya hii hayapandi ile. Katika baiskeli tofauti imejificha, kwa hiyo yatupasa tuitafute kwa vipimo. Na baiskeli zetu ni mchanganyiko: ziko za zamani za Raleigh kutoka Uingereza, ziko za Hero kutoka India, ambako kiwanda kilianza kuziunda mwaka 1956, na ziko za China na za mitumba za kila namna. Wengine wameifunga habu ya hii ndani ya gurudumu la ile. Basi usitegemee jina lililoandikwa juu ya fremu. Tegemea kipimo.

Haya ndiyo mashauri yetu.

La kwanza, usiende dukani mikono mitupu. Toa ekseli na koni zote mbili, zioshe kwa mafuta ya taa, zifunge katika kitambaa, uende nazo.

La pili, itie koni mpya kwenye ekseli kwa vidole, si kwa spana. Iende tangu mwanzo hata mwisho wa thredi bila kukwama na bila kutikisika. Ukinunua ekseli mpya, ilaze ubavu kwa ubavu na ile ya zamani, meno ndani ya meno, uzielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, thredi si moja.

La tatu, gololi. Mara nyingi za nyuma ni za robo inchi na za mbele ni za 3/16 ya inchi. Usipime moja, maana jicho hudanganya. Panga kumi mstari mmoja: za robo inchi zitakuwa inchi 2 na nusu kamili, na za 3/16 zitakuwa inchi 2 kasoro thumuni. Wala usichanganye gololi mpya na kuukuu, kwa maana mpya ni kubwa zaidi na zitabeba uzito wote peke yake.

La nne, tazama kikombe kabla ya kulipa fedha. Kikiwa na vishimo, koni mpya italiwa tena baada ya muda mfupi. Vikombe vingi hutolewa kwa kugongwa kutoka ndani, na vingine vikatiwa. Ikiwa havipatikani na huna budi kununua habu nzima, hesabu matundu ya spoki kwanza. Baiskeli za mtindo wa Kiingereza zina 32 mbele na 40 nyuma, na nyingi nyingine zina 36 kote kuwili. Habu ya matundu 36 haina kazi kwenye rimu ya 40.

La tano, wakati wa kufunga, jaza grisi nzito ya magari, si mafuta ya kupikia wala ya cherehani. Kaza koni mpaka gurudumu lisicheze, lakini ukiliachia, uzito wa valvu peke yake ulivute chini polepole. Hapo umepata.

Je, vyuma vitapatikana wapi? Dukani viko, lakini wenye maduka wengi hupenda kuuza gurudumu zima. Msiwasahau mafundi wa vichochoroni, Mji wa Kale na huko Majengo. Fundi mzee ana makopo ya vyuma vya baiskeli zilizokufa, na humo mara nyingi mna koni nzima ya kipimo kisichoonekana tena dukani. Mwende kwa heshima, mumlipe haki yake.

Wengine huuliza, kwa nini tusikereze koni wenyewe karakanani? Twajibu kwa sababu mbili. Koni ya kweli hutiwa moto kisha ikazimwa ili ngozi yake iwe ngumu, lakini ya chuma laini italiwa upesi. Tena chuma cha karakana si chako. Usipoteze kazi ya miaka kwa kipande kisichofika unene wa kidole gumba.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, tunalo ombi. Mtu mmoja akinunua koni moja hana sauti mbele ya muuza duka. Sisi sote tukinunua pamoja tunayo. Twaomba tawi liweke sanduku la vyuma: koni za vipimo viwili, ekseli, na gololi za namna mbili. Kila mwanachama atoe kidogo mara moja tu. Atakayechukua chuma alipe bei ile ile ya kununulia, iandikwe katika daftari la mweka hazina, na fedha hiyo inunue kingine. Juu ya sanduku upigiliwe ubao wenye ekseli ya 3/8 ya inchi na ekseli ya milimita 10, ili kila mtu ajaribu koni yake hapo kabla ya kwenda mjini. Kazi ya kufunga tuwaachie mafundi wetu, nao wapate riziki yao.

Jambo hili laweza kupigiwa kura katika mkutano ujao. Mwenzetu aliyeanguka Makupa ameketi hapa nasi, na yeye ndiye aliyetutolea ekseli yake ya zamani iwe ya kwanza kupigiliwa kwenye ubao.

Kidole kimoja hakivunji chawa.