Pesa ya Majani, Pesa ya Chama: Wanawake wa Kericho na Bomet

Katika mashamba madogo ya chai ya Kericho na Bomet, anayechuma si lazima awe ndiye anayelipwa. Mkulima hupeleka majani kiwandani kwa nambari ya usajili, na nambari hufuata shamba, ambalo mara nyingi ni la mume. Mke huchuma majani mawili na chipukizi, huyabeba hadi kituo cha kupimia, na kilo huandikwa kwenye nambari ya mume. Malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka huingia katika akaunti ya mwenye nambari. Watafiti Von Bülow na Sørensen, walioandika kuhusu chai ya Kericho mwaka 1993, walionyesha hata hivyo kwamba nguvu kazi ya mke haikuwa ya mume kuamuru tu, bali ilijadiliwa nyumbani.

Chama, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, humpa mwanamke pesa yenye jina lake. Katika merigo, kila mmoja hutoa kiasi sawa na mmoja hupokea zote kwa zamu. Hapo ndipo yalipotoka masufuria, magodoro na matangi ya maji ya nyumba nyingi. Kuweka na kukopa mezani, utaratibu uliovumishwa na shirika la Joyful Women lililoanzishwa mwaka 2009, huenda mbali zaidi. Akiba, marejesho na faini za waliochelewa huhesabiwa mbele ya wote, kisha karibu zote hukopeshwa papo hapo. Sanduku hurudi nyumbani kwa mweka hazina likiwa tupu, na utupu huo ndio ulinzi wake. Riba, mara nyingi shilingi 10 kwa kila 100, huwarudia wanachama wakati wa mgao.

Januari ndiyo huonyesha thamani ya mpango huu. Kiangazi kimepunguza majani, bonasi ya Oktoba imeshaliwa, na shule zinafunguliwa. Mkopo wa chama hulipa karo. Wapimaji wa maendeleo hupenda kuhesabu biashara zilizoanzishwa, na kwa kipimo hicho mkopo wa karo huonekana umepotea. Kipimo hicho ni finyu: ng'ombe ambaye hakuuzwa kwa bei ya kutupa ili kulipa karo ataendelea kukamuliwa, na maziwa ya jioni katika nyumba nyingi ni ya mama.

Serikali nayo hupitia vyama. Hazina ya wanawake iliyoundwa mwaka 2007 hukopesha vikundi vilivyosajiliwa, wanachama wakidhaminiana badala ya kuweka hatimiliki ambayo wengi wao hawana. Dhamana hiyo ina makali. Anayeshindwa kulipa huwaona majirani zake wakija kuchukua mbuzi. Kibarua asiye na shamba, anayelipwa kwa kilo alizochuma, hukosa mchango miezi miwili ya kiangazi na kujiondoa kabla hajafukuzwa. Hivyo chama huwafaa zaidi walio na kitu tayari.

Hata chama kikisaidia, umiliki wa michai kwa kawaida hubaki palepale. Ni baadhi tu ya waume ambao humkatia mke sehemu ya shamba na kumsajilia nambari yake. Mwanamke huyo hupeleka chamani malipo yake mwenyewe ya majani, ilhali wenzake hutegemea maziwa, mboga na kibarua.