Usitie Sahihi Kabla ya Kuuliza
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Voi)



Nimeombwa nieleze jinsi mdogo wangu alivyofaulu kuingia chuo cha uuguzi mara ya kwanza alipojaribu. Mimi si mwalimu. Elimu yangu ni ya shule ya msingi tu, shule ya misheni huko milimani. Lakini nilikaribia kumharibia safari yake, ndiyo sababu nina la kusema.

Wengi wetu hudhani ya kuwa chuo cha uuguzi kina mtihani wake mlangoni, na kwamba msichana hujitayarisha akiisha kumaliza shule. Sivyo. Hapa Kenya mtihani wa kuingilia ni ule ule wa kidato cha nne, KCSE, ulioanza mwaka 1989. Kwa diploma ya uuguzi hutakiwa wastani wa C. Tena C katika Kiingereza au Kiswahili. Tena C katika Biolojia. Tena C- katika Hesabu, Kemia au Fizikia. Basi msichana aweza kupata wastani wa B, na asipate nafasi kwa ajili ya Biolojia peke yake.

Mdogo wangu alipomaliza kidato cha pili alileta karatasi ya kuchagua masomo. Baba yetu amekwisha fariki, kwa hiyo sahihi ni yangu. Shuleni kwake ilikuwa achague Biolojia au Fizikia. Nikamwambia, "Chukua Fizikia, ndiyo yenye injini na umeme. Biolojia ni majani na panzi." Akanyamaza kwa heshima. Nikatia sahihi.

Usiku mama akaniambia, "Mtoto analia. Anataka kuwa muuguzi." Asubuhi nilipotoka zamu nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu. Kwa bahati karatasi zilikuwa hazijapelekwa.

Ndugu, ninyi mwajua kuwa hapa Voi ndipo njia ya Taveta ilipoachana na njia kuu. Gari likiisha pita pale, dereva hana usukani wa kukata kona.

Baada ya hapo tulifanya kazi. Biolojia ina karatasi tatu: mbili za alama 80 kila moja, na moja ya vitendo ya alama 40. Hiyo ya tatu wengi huidharau. Kila Jumamosi alipasua maua na matunda, akachora alichokiona. Karatasi za miaka iliyopita alizifanya kwa saa yangu ya mkononi. Saa mbili zikiisha, kalamu chini. Maji na kuni tuliwapa wavulana. Walinung'unika, lakini walichota.

Alipata B- katika Biolojia. Leo ni muuguzi aliyesajiliwa.

Ninyi wenye watoto katika mpango mpya wa elimu, fahamuni kuwa wanafunzi wa kwanza waliingia gredi ya kumi Januari 2026, na mkondo huchaguliwa hata kabla ya kuingia huko. Kwa hiyo muulizeni mtoto anataka nini, kisha mwulizeni mwalimu kazi hiyo inataka masomo gani. Kalamu iwe ya mwisho.

 Umoja ni nguvu.