Nusu ya Mzunguko Nayo Ni Safari



Kamati imetupa heshima ya kusema machache katika siku hii ya kuadhimisha kuasisiwa kwa hekalu letu. Sisi si madaktari wala wanamichezo. Tu kikundi kidogo cha majirani wanaokutana langoni mwa hekalu asubuhi na mapema, arati ya kwanza ikiisha na wenzetu Waislamu wakiwa wametoka msikitini, ili tutembee pamoja hadi Barabara ya Mama Ngina na kurudi. Miongoni mwetu wamo wenye kisukari, wenye shinikizo la damu, wenye magoti yanayouma, na mmoja ambaye moyo ulikwisha kumwonya. Kila mmoja wetu alipata kuketi mbele ya daktari na kuambiwa neno lile lile: utembee.

Mwanzoni hatukuelewa kwa nini neno hilo linasisitizwa. Baadaye tulifahamishwa kwamba msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu na kuitumia, hata pale ambapo insulini ya mwili imepungua nguvu. Faida hiyo hubaki mwilini kwa siku moja au mbili, kisha hufifia. Ndiyo sababu wenye kisukari hushauriwa wasipitishe siku mbili mfululizo bila kuushughulisha mwili. Gegedu la goti nalo halina mishipa ya damu. Hupata lishe yake katika ute wa kiungo, na ute huo husukumwa na mwendo. Goti linalopumzishwa daima huzidi kukakamaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima, wakiwamo wenye maradhi ya kudumu, wafanye zoezi la wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na linasema pia kwamba kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, na nusu saa hiyo yaweza kugawanywa kuwa dakika kumi baada ya kila mlo.

Hayo yote tuliyajua, na bado tulishindwa. Hapo ndipo penye jambo tulilokuja kulisema leo.

Maradhi ya kudumu hayana sikukuu. Homa huja ikaondoka, nawe ukashukuru. Kisukari huketi nawe mezani siku ya harusi na siku ya matanga. Unaweza kutembea mwezi mzima, ukaacha penda na ladu za Diwali, ukaacha mahamri ya asubuhi, kisha kipimo kikapanda kwa sababu usiyoijua. Usiku maungo huuma, na alfajiri kitanda huwa kitamu. Wakati wa kaskazi jua huanza kuchoma mapema. Wakati wa masika njia hujaa maji. Kila siku huja na udhuru wake, na udhuru wenyewe mara nyingi ni wa kweli.

Tulidhani kwamba nia hutangulia na miguu hufuata. Kwa hiyo tulikuwa tukiketi ukingoni mwa kitanda tukiingoja nia, nayo haikuja. Miaka hii imetufundisha kwamba nia hutukuta njiani, tumekwisha kuvaa viatu, pengine tumekwisha kufika penye mibuyu, bahari ikionekana na meli ikiingia Kilindini. Basi tukaipunguza ahadi yetu. Hatuahidi tena kufika Mama Ngina. Twaahidi kufika langoni. Aliyefika langoni akaona mwili umekataa, huketi kidogo, huzungumza na wenzake, hurudi nyumbani, na siku yake huhesabiwa.

Lakini hekima hiyo tuliinunua kwa gharama, na aliyeilipa si sisi. Yupo mama mmoja wa hekalu hili ambaye sote, hata majirani Waswahili, twamwita Ba, kama wajukuu wake wamwitavyo. Ametupa ruhusa ya kulieleza jambo hili. Siku zile tulikuwa na fahari ya mwendo. Waliokuwa na nguvu walitangulia, nasi wengine tukawakimbilia, na Ba akabaki nyuma. Methali ya mwenda pole hajikwai tuliitamka kwa midomo huku miguu yetu ikiikana. Asubuhi moja kiatu chake kilianza kumsugua. Kwa kuwa kisukari kilikuwa kimempa ganzi miguuni, maumivu yalikuwa madogo. Na kwa kuwa tulikuwa tukiharakisha, hakutaka kutusimamisha. Lengelenge likawa kidonda. Ba akaacha kuja. Sisi tukasema amechoka, amekuwa mvivu, na mmoja wetu akatania kwamba penda zimemshinda. Majuma yakapita bila mtu kubisha mlangoni kwake. Tulipopata habari, kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimekwisha kukatwa.

Tulikwenda kumtazama tukiwa na matunda mikononi na aibu nyusoni. Tulimwuliza kwa nini hakutuambia. Alijibu, "Wanangu, niliona haya kuwasimamisha." Neno hilo halijatutoka.

Tangu hapo tumeweka taratibu chache, nasi twazitaja kwa ajili ya yeyote atakayependa kuanza kikundi mtaani kwake. Mwenye mwendo mdogo hutangulia, na hakuna ampitaye. Kabla ya kuondoka langoni, kila mmoja hukung'uta viatu vyake, na arudipo nyumbani hutazama nyayo zake, au huzitazamwa na mjukuu, kwa sababu mguu wenye ganzi hauna mlinzi ila macho. Anayetumia dawa za kushusha sukari hubeba sukari au peremende mfukoni, na akihisi kutetemeka au jasho la ghafla husema mara moja. Anayehisi kifua kubana hukaa chini, nasi twamtafutia msaada. Siku hiyo hakuna kujikaza. Kila mmoja alimwuliza daktari wake kiasi kinachomfaa, maana mwendo wa mmoja si mwendo wa mwingine. Siku tulizotembea twazitia alama kwenye kalenda ya jikoni, na siku zilizopotea twaziacha tupu bila kuzilaumu.

Utaratibu wa mwisho ndio mkubwa. Asiyeonekana siku mbili, mmoja wetu huenda mlangoni kwake. Hatumwulizi, "Mbona hukuja?" kwa sauti ya hakimu. Twamwuliza amelalaje, mguu wake u hali gani, na kama angependa kutembea nasi mpaka kwenye kona tu. Mwalimu mstaafu wa mtaa huu, aliye Mwislamu na ambaye sasa ndiye mwenzake Ba wa asubuhi, alituambia kwamba zipo siku ambazo hakuamka kwa ajili ya afya yake hata kidogo; aliamka kwa kuwa alijua yuko mtu anayemngoja. Twaamini kwamba hiyo ndiyo nguvu inayodumu pale ambapo hofu ya maradhi imekwisha kuzoeleka.

Ba alirudi. Daktari alimruhusu kutembea kidogo kidogo, akiwa na viatu vipana. Ndani ya hekalu huvaa soksi nene, na huja mapema, kabla jua halijachoma sakafu ya ua, kwa sababu mguu usiosikia joto huungua bila mwenyewe kujua. Hafiki tena Mama Ngina. Siku moja tulimwonea huruma kwa hilo, naye akatuonyesha patakatifu pa Bwana Shiva.

Majirani wetu huenda wameona kwamba katika ibada zetu tunalizunguka patakatifu kwa heshima, mkono wa kulia ukiwa upande wa ndani. Mzunguko huo huitwa pradakshina. Lakini kwa Bwana Shiva desturi ni nyingine. Mwumini huenda mpaka penye mfereji unaotoa maji yaliyomiminwa juu ya lingam, hauvuki, hugeuka na kurudi alikotoka. Ba alisema, "Tangu utotoni nimegeukia hapa, wala hakuna aliyeniambia kwamba sikufika. Sasa nikigeukia penye kona ya barabara, mwanionea huruma ya nini?"

Ndugu zetu, hilo ndilo tunalowaachia. Miili yetu ina mifereji ambayo hatuwezi kuivuka. Leo mfereji uko mbali, kesho umesogea karibu. Afikaye pale anapoweza kufika, akageuka kwa heshima na kesho akaja tena, amekamilisha.

Tunamaliza kwa shukrani na ombi. Tunaishukuru Kamati kwa kuufungua ua wa hekalu wakati wa mvua, ili wasioweza kukabili matope wapate pa kutembea, wawe wa dini yoyote. Ombi letu ni kwenu mnaosoma kijitabu hiki nyumbani. Bila shaka mnamjua mtu mmoja ambaye zamani alionekana njiani asubuhi na siku hizi haonekani. Msingoje apate nia. Kabisheni mlangoni kwake, mpunguze mwendo, na mmwache yeye atangulie.

Om Shanti, Shanti, Shanti.